Mkanda wa Mpira na Mikono ya Masese

Kama kuna kitu Masese alikichukia kuliko kuchelewa kwa meli ya Kisumu, basi ni mkanda wa mpira. Si mikanda yote. Alichukia mkanda mmoja tu, mweusi, wenye matundu manne, uliokuwa ukining'inia kwenye msumari kando ya meza ya upasuaji katika hospitali ya misheni, pale kilimani juu ya gati la Homa Bay. Kazi yake ilikuwa kuibana maski ya oksijeni usoni mwa mgonjwa ili mtu asijisumbue kuishika. Masese alisema mkanda huo ulibuniwa na mvivu na kununuliwa na mvivu mwenzake. Alilisema hilo waziwazi, mbele ya watu, na halikumsaidia kitu.

Alikuwa mtu wa Kisii, Msabato tangu tumboni mwa mamake. Babake alihamia Homa Bay kuuza ndizi na mahindi, na Masese akakulia sokoni, akasoma mpaka darasa la saba, kisha mwaka 1960 akapata kazi ya kubeba mitungi ya oksijeni kutoka gatini hadi hospitalini. Mitungi ile ilikuwa ya chuma, yenye uzito wa mtu mzima. Mmoja ulimponda gumba la mkono wa kulia, likapona na kubaki na kovu gumu kama punje ya hindi. Daktari wa wakati ule, mzee aliyekuwa akikaribia kustaafu, aliona kwamba huyu mbeba mitungi anauliza maswali mengi kuliko manesi, akamwingiza chumba cha upasuaji. Kufikia mwaka 1964 Masese ndiye aliyekuwa akifungua oksijeni, akikagua mipira na kusimama kichwani pa mgonjwa kila alipolazwa usingizi.

Na hapo kichwani ndipo taabu yake ilipoanzia. Mgonjwa mahututi anayepasuliwa tumbo huchomwa sindano inayolegeza kila msuli, hata wa kupumulia. Pumzi inakatika. Daktari humulika kooni na kupitisha bomba la kupumulia, na mpaka bomba liingie, mgonjwa anaishi kwa ile hewa iliyobaki kifuani tu. Huwezi kumpulizia kwa maski katikati ya shughuli hiyo, kwa sababu tumbo lililojaa litamwaga kila kitu kooni na kumziba. Kwa hiyo lazima ujaze kifua oksijeni kabla ya sindano, kwa dakika tatu au nne, uijaze kwelikweli. Ukijaza vizuri, daktari ana muda wa kukosea mara moja na kujaribu tena. Ukijaza vibaya, kucha za mgonjwa zinageuka buluu huku daktari bado anatafuta njia.

Daktari mpya, Mercer, alikuwa kijana mpole mwenye adabu nyingi, na adabu hiyo ndiyo iliyomuudhi Masese zaidi. Alisikiliza kila neno, kichwa upande, halafu akaufunga mkanda vilevile.

"Daktari, hii mfuko haijai," Masese alimwambia mwezi wao wa kwanza pamoja, akionyesha mfuko wa mpira uliounganishwa na maski. "Mgonjwa akivuta pumzi, mfuko inafaa inywee, halafu ijae tena. Hii imelala tu. Hewa inatoka hapa chini ya mdomo."

"Lakini saa ya mtungi inaonyesha oksijeni inatoka."

"Inatoka, ndiyo. Inatoka inaenda dirishani."

"Asante sana, Masese," akasema daktari, na kuchoma sindano.

Asante sana! Kwa miaka miwili Masese alikusanya hizo asante mpaka zikamkaba. Alijua kabisa hitilafu iko wapi, kwa sababu aliiona kila juma. Wajaluo wa rika la wazee waling'olewa meno sita ya mbele, ya chini, walipokuwa vijana. Ndiyo desturi yao, wanaiita nak, na mtu wa wakati wao asiyeng'olewa hakuhesabiwa mtu mzima. Sasa maski hukaa juu ya mdomo wa chini, na mdomo wa chini huegemea meno. Pasipo meno, mkanda ukivutwa mdomo unatumbukia ndani, ukingo wa maski unabaki umening'inia, na oksijeni iliyosafiri ziwani kutoka Kisumu inatoroka kwa mlio mdogo wa nyoka. Dawa yake ni mikono miwili: viganja kwenye maski, vidole nyuma ya taya, unalinyanyua taya kuja juu kwenye maski badala ya kuikandamiza maski kwenye taya.

"Mkanda huu niliutumia mwaka mzima kule upande wa Kehancha, kwa Wakuria," daktari alimjibu siku moja. "Haukunipa taabu hata mara moja."

"Wakuria wako na meno, Daktari."

Daktari alicheka, akidhani ni mzaha.

Masese akanunua daftari la shule. Akachora safu: namba ya mgonjwa, meno yapo au yameng'olewa, maski imefungwa mkanda au imeshikwa, na nani alishika. Safu ya mwisho ilikuwa hesabu yake mwenyewe, aliyohesabu kimoyomoyo tangu pumzi ilipokatika mpaka kucha zilipoanza kufifia. Siku ambazo daktari alikuwa na haraka au simu, Masese alishika kwa mikono. Siku nyingine mkanda ulifungwa. Baada ya wagonjwa thelathini hata mtoto angesoma jibu. Wenye meno, mkanda au mikono, wote walifika mia na hamsini bila wasiwasi. Wasio na meno waliofungwa mkanda hawakumaliza sitini. Wasio na meno walioshikwa walifika mia na hamsini kama wenzao.

Mgonjwa wa thelathini na moja alikuwa mzee mwuza omena, dagaa wa ziwani, kutoka kisiwa cha Remba. Mkanda. Kucha zilibadilika kwenye arubaini na nane, bomba likakataa kuingia, na mzee hakuamka. Daktari Mercer alisema moyo wake ulikuwa umechoka, akatoka nje akakaa kwenye ngazi kwa muda mrefu. Masese aliosha maski, akaweka daftari juu ya meza ya daktari, na likakaa pale miezi minne chini ya kikombe cha chai.

Nyanchoka, nesi pekee wa chumba cha upasuaji, aliombwa mara nyingi ajifunze kushika. "Mimi nikishika maski," alisema, "vyombo vitachemshwa na nani? Na wewe?" Hata nyumbani hakukuwa na masikio. Jedidah, mkewe, binti wa Kijaluo kutoka upande wa Magunga, aliliita daftari lile mke mwenza. Masese alifikia kuamini kwamba angeweza kuwaeleza mbuzi wa sokoni habari za mfuko na maski wakamwelewa upesi zaidi.

Jumamosi moja ya mwezi wa tatu mwaka 1966 alikuwa kanisani, somo likiendelea, alipomwona mfagizi wa hospitali mlangoni akimpungia mkono kama anayefukuza kuku. Alitoka, akapanda kilima kwa viatu vya Sabato. Uani palikuwa na lori la mahindi, na nyuma ya lori, juu ya magunia, alilala mwanamke mzee mwenye tumbo lililovimba likakaza. Kijana aliyeruka kutoka kwenye lori alikuwa Walter, kaka wa Jedidah.

"Shemeji," akasema Walter, "ni Mama. Siku ya tatu leo."

Masese aligeuza uso papo hapo, akatazama ukuta.

Yafaa kueleza, kwa maana si kila mahali watu wanaishi hivi. Kwa Wajaluo, mama mkwe na mkwewe hawakaribiani. Hawali pamoja, hawaongei uso kwa uso, na kumgusa ni jambo la aibu ambalo halisahauliki. Kwao Kisii ni vilevile, kwa hiyo Masese hakuhitaji kufundishwa. Katika miaka sita ya ndoa alikuwa amemwona mama mkwe wake, Bathsheba, mara mbili, kwa mbali. Bathsheba alipokuja kumtembelea binti yake, Masese alitokea mlango wa nyuma akaenda kulala kwa rafiki. Kumshika uso mama mkwe, tena taya, tena mdomo! Hata kulifikiria kulimfanya aone haya hadi masikioni.

Daktari Mercer alimpima mzee kisha akamvuta Masese pembeni. "Utumbo umejipinda. Nisipofungua leo, leo hii atakufa. Nimesoma daftari lako. Juma hili lote nimelisoma. Ile safu ya meno sikuielewa mwanzoni, nilidhani unaandika umri kwa njia yenu." Alikuwa mwekundu shingoni. "Yule mzee wa Remba... Basi. Leo hatufungi mkanda. Utashika wewe, kwa mikono miwili, kama ulivyosema."

Miaka miwili! Miaka miwili Masese aliyangoja maneno hayo. Alikuwa ameshayaandalia hata majibu, marefu na yenye pilipili. Na sasa yamekuja, akajiona anatikisa kichwa.

"Daktari, huyu siwezi."

"Huwezi nini?"

"Huyu ni mama mkwe wangu."

"Vizuri. Utakuwa mwangalifu zaidi."

"Si hivyo. Siruhusiwi kumgusa. Hata kumwangalia siruhusiwi."

Ndipo Daktari Mercer, mtu wa adabu, alipopiga kelele kwa mara ya kwanza tangu afike Homa Bay. "Miaka miwili unanisumbua na mikono! Mikono, mikono! Leo nataka mikono, na mikono haipo?"

Daktari alikuwa na haki, na daktari kuwa na haki siku hiyo kulimuuma Masese kuliko kawaida. Alimkimbilia Nyanchoka. Alikaa kwenye kiti, akajiwekea maski usoni, akamfundisha kwa dakika tano yale aliyokataa kujifunza kwa miaka miwili. "Vidole nyuma ya taya. Nyanyua. Usikandamize, nyanyua!" Mikono ya Nyanchoka ilikuwa midogo, na Masese aliisikia hewa ikipita chini ya gumba lake, lakini hapakuwa na mikono mingine katika jengo lile.

Walipoingia, Masese alisimama akiwa amempa mgonjwa mgongo, macho kwenye mfuko wa mpira tu. Mfuko si uso wa mtu, alijiambia. Mfuko hauna ukwe.

"En ng'a?" Bathsheba aliuliza kwa sauti hafifu. Nani huyo?

"Ni sisi wa hospitali tu, Mama," akajibu Nyanchoka.

Masese akafungua oksijeni. Mfuko ulijaa nusu, ukalala. Akausikia ule mlio wa nyoka, na bila kugeuka akajua unatokea kushoto, chini ya mdomo.

"Sogeza gumba chini. Hapana, la kushoto. Taya, Nyanchoka, nyanyua taya!"

"Nanyanyua!"

"Bado inavuja."

Dakika nzima ikapita. Nyuma yake aliisikia pumzi ya mzee, fupifupi, tumbo likiisukuma juu. Mfuko ulilala pale kama soksi iliyovuliwa. Daktari alikuwa na sindano mkononi. "Masese? Nichome?"

Kama angechoma wakati ule, ingekuwa arubaini na nane tena. Masese alikasirika. Alimkasirikia daktari kwa miezi minne ya kikombe cha chai, akamkasirikia Nyanchoka kwa vyombo vyake, akawakasirikia wahenga wa Wajaluo kwa meno yao na wa Kisii kwa haya zao. Zaidi ya wote alijikasirikia mwenyewe, kwa maana mtu anayejua jambo peke yake kwa miaka miwili na asipate hata mmoja wa kumrithisha, huenda ni mwalimu mbovu. Jedidah alikuwa bado kanisani, anaimba, hajui mamake yuko wapi.

Akageuka.

"Toa mikono," akamwambia Nyanchoka. Alikunja kipande cha bandeji, akakiweka mahali yalipokuwa meno sita, mdomo ukainuka. Akaweka maski, akapitisha vidole nyuma ya taya, akanyanyua. Mlio ukanyamaza. Bathsheba alifumbua macho, yakakutana na yake kwa muda wa pumzi moja. Masese aliyakimbiza ya kwake kwenye mfuko, na mfuko ulikuwa umesimama, unanywea na kujaa, unanywea na kujaa. Alihesabu dakika nne kamili huku jasho likimdondokea kwenye shati la Sabato.

"Sasa choma."

Pumzi ikakatika. Daktari alimulika kooni. "Sioni," akasema. Masese akahesabu kwa sauti. Kwenye hamsini daktari alitoa taa, akamnyoosha shingo, akaanza upya. Sitini. Kucha nyekundu. Mia. Nyekundu. Mia na thelathini. Mia na sabini na nne bomba likaingia, mfuko ukaunganishwa, kifua kikapanda, na kucha za Bathsheba zilikuwa bado na rangi ya kucha za mtu aliye hai. Utumbo ulinyooshwa kabla haujaoza. Saa nane mchana walimtoa akiwa anapumua mwenyewe.

Walter alikuwa mlangoni. Kitu cha kwanza alichouliza, baada ya kusikia kwamba mamake yuko hai, ni kile Masese alichokiogopa. "Na ni nani alikuwa anamshika Mama? Nilisikia sauti ya shemeji."

"Ni mimi nilimshika," akasema Nyanchoka, upesi, kabla Masese hajafungua mdomo. "Yeye alikuwa anashika mtungi."

Daktari Mercer, mtoto wa mchungaji, alitazama viatu vyake.

Na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kusema ukweli kungemwaibisha mzee mbele ya ukoo, na Jedidah asingeweza tena kwenda kwao bila kunyooshewa kidole. Masese alilijua hilo, akanyamaza, na kunyamaza kulimchoma kifua kila siku. Mkanda ulitolewa kwenye msumari. Amri ikatolewa kwamba kila mgonjwa asiye na meno ashikwe kwa mikono, na bandeji iwekwe. Daktari aliandika barua Kisumu, na kutoka Kisumu wakajibu wakimtaka nesi Nyanchoka aende kuwaonyesha wenzake. Ilibidi Masese amfundishe kwa majuma mawili, jioni baada ya jioni, ili asiende kuumbuka. Alifundishika vizuri sana, sasa! Jedidah alimpelekea kuku. "Mungu aibariki mikono ya yule dada," alisema mezani, na Masese akala ugali wake bila kuinua kichwa. Katika daftari, mstari wa thelathini na mbili ulikuwa na kila kitu: meno yameng'olewa, ameshikwa, mia na sabini na nne, kucha nyekundu. Safu ya nani alishika ilibaki tupu.

Siku ya Bathsheba kuruhusiwa kwenda nyumbani, Masese alikuwa wodini akibadilisha mtungi nyuma ya pazia. Alitaka kuondoka alipomsikia mzee akiketi kitandani, lakini njia ilipita mbele yake, kwa hiyo alibaki palepale, amebanana na chuma.

"Lete mkono wako, nyathina, mwanangu," Bathsheba alimwambia Nyanchoka, kwa Kiswahili chake cha soko. "Huu mwingine pia. Ee. Laini kama ya mtoto. Ile ilinishika siku ile ilikuwa na kitu ngumu hapa kwa gumba. Ilinikwaruza shavu."

Nyanchoka akairudisha mikono yake.

"Usiogope, mimi sijauliza kitu. Walter hawezi kujua, na binti yangu hawezi kujua. Wewe mwambie tu mwenye hiyo gumba kwamba uji nakunywa, na nalala vizuri."

Nyuma ya pazia Masese alishika spana kwa nguvu mpaka kovu likamuuma. Alitaka kulia na alitaka kugombana, vyote kwa pamoja. Mtu mmoja katika wilaya nzima alikuwa amemtambua, na ndiye mtu mmoja ambaye hakuruhusiwa kumjibu. Akakohoa.

"Nyanchoka!" akaita kwa ukali. "Mwambie mgonjwa anayeondoka asibebe maji kichwani kwa miezi mitatu. Mitatu, si miwili. Najua hatasikia. Watu wa hapa hawasikii."

Kitanda kililia kidogo, mzee akisimama.

"Nyathina," akasema Bathsheba, akimtazama Nyanchoka, "mwambie nimesikia."